Mapumziko ya Familia na Wenza Kisiwani Mafia: Mwongozo Kamili wa Kupanga Safari kwa Kufuata Maji na Upepo

Wengi wetu tunapopanga mapumziko ya kisiwani huanza na chumba, kisha nauli, na mwisho kabisa ndipo tunapouliza bahari itakuwaje. Kwa Unguja, ambako mgeni aliyekosa bahari anaweza kushinda Mji Mkongwe au mashambani kwenye viungo, mpangilio huo haumharibii sana safari. Kwa Mafia unaharibu. Kisiwa hiki cha Mkoa wa Pwani, kilichopo mkabala wa delta ya Mto Rufiji, kina utulivu ambao ni vigumu kuupata kwingine katika mwambao wa Tanzania, lakini karibu kila jambo zuri lililopo huko huendeshwa na vitu vitatu: mwezi wa angani, maji na upepo.

Nilijifunza hayo kwa kukosea. Mara ya kwanza nilipoipeleka familia yangu Utende, kijiji cha ufukweni huko Mafia, nilichagua tarehe kwa kuangalia likizo ya shule na bei ya chumba tu, na tukafika siku moja baada ya mwezi mpevu. Kila asubuhi watoto waliamka wakiwa tayari kuogelea, na kila asubuhi maji yalikuwa yakitoka. Ilipofika saa nne bahari ilikuwa imekwenda mbali, na mbele yetu yalibaki matope, nyasi za bahari na mashua zilizolala ubavu. Mzee mmoja wa Chole, kisiwa kidogo cha jirani, aliyetuvusha jioni aliniuliza kwa upole kwa nini sikuhesabu mwezi kabla ya kuwaleta watoto. Mwongozo huu umeandikwa kwa mpangilio ambao ningependa nami ningeupata kabla ya safari ile.

Hatua ya kwanza: chagua msimu kwa kuangalia unachotaka kukiona

Mwaka wa Mafia umegawanywa na pepo mbili. Kusi huvuma takriban kuanzia Mei hadi Septemba. Hali ya hewa huwa ya ubaridi kiasi, anga huwa kavu zaidi, na bahari ya upande wa nje huchafuka. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi na huleta joto kali. Kati ya pepo hizo kuna kipindi cha utulivu, hasa Oktoba, ambapo maji huwa maangavu na mashua huweza kutoka nje ya ghuba ya Chole bila taabu. Masika, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, si wakati wa kwenda. Mvua ni nyingi na baadhi ya hoteli hufunga kabisa, kwa kawaida Aprili na Mei.

Kwa bahati njema, likizo mbili kubwa za shule nchini Tanzania huangukia misimu miwili tofauti, na kila mmoja una zawadi yake. Anayekwenda Juni au mwanzoni mwa Julai atakuta vifaranga vya kasa wakianguliwa kwenye fukwe za mashariki za kisiwa cha Juani, jambo linaloendelea hadi mwezi Septemba hivi. Anayekwenda Desemba atakuta papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye hukusanyika karibu na mji wa Kilindoni takriban kuanzia Oktoba hadi Machi kufuata dagaa na viumbe vidogo vinavyoelea majini. Wenza wasiofungwa na ratiba ya shule ningewashauri mwezi Oktoba, kwa sababu potwe wanakuwa wameanza kuonekana, kusi imelala, na wageni si wengi.

Hatua ya pili: chagua siku kwa kuhesabu mwezi

Hapa ndipo penye siri ya safari yote, na ndipo wageni wengi wanapopitiwa. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, lakini kiasi cha kujaa na saa zake hubadilika. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana, hutoka sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Siku ambazo mwezi ni nusu huja maji mafu, ambapo bahari haipandi sana wala haishuki sana.

Saa nazo zina mpangilio ambao mtu anaweza kuukariri. Siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na hujaa karibu na saa kumi, alasiri na alfajiri. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50, hivyo baada ya wiki moja, katika maji mafu, mambo huwa kinyume: maji hujaa karibu na saa nne asubuhi na kupwa alasiri. Mwenye kalenda ya Kiislamu nyumbani anaweza kuhesabu bila chombo kingine chochote: tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni bamvua, tarehe 8 na 9 pamoja na 22 na 23 ni maji mafu. Hata hivyo, jedwali la maji la mwaka husika ndilo linalotoa saa kamili, na kila kituo cha kuzamia huwa nalo.

Familia yenye watoto wanaopenda kuogelea asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, ichague siku zinazozunguka maji mafu. Watoto watapata maji mbele ya nyumba tangu kifungua kinywa hadi karibu na adhuhuri, na mikondo haitakuwa na nguvu. Wenza wanaotaka kukaa peke yao kwenye fungu la mchanga katikati ya bahari, kama lile la Marimbani, wachague bamvua, kwa sababu ndipo fungu hujitokeza vizuri asubuhi na kubaki juu kwa saa kadhaa. Anayetaka kufika magofu ya mji wa kale wa Kua, kisiwani Juani, kwa mashua naye anahitaji maji yaliyojaa, maana njia ya kuingilia hupita kwenye mikoko na haipitiki maji yakitoka. Mwenye siku saba hivi anaweza kupata yote kwa kufika wakati bamvua inapokwisha na kuondoka baada ya maji mafu.

Hatua ya tatu: chagua njia ya kufika

Njia ya haraka ni ndege ndogo kutoka Dar es Salaam, safari ya takriban nusu saa hadi Kilindoni. Hakikisha unauliza jengo la kuondokea, kwa sababu ndege hizi ndogo kwa kawaida hutumia Jengo la Kwanza la Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere, na familia iliyoshushwa na teksi Jengo la Tatu hupoteza muda isiokuwa nao. Mizigo hupimwa kwa ukali, mara nyingi kilo 15 kwa mtu, na begi laini hukubalika kwa urahisi kuliko sanduku gumu. Waombe watoto wakae upande wa dirisha la kulia mnapokwenda kusini, ili waione delta ya Rufiji ikitawanyika kama vidole vya kijani kabla ndege haijaelekea baharini. Ukipenda, wasimulie kwamba Waingereza walikiteka kisiwa hiki Januari 1915, na kwamba ndege zilizoruka kutoka hapo zilisaidia kuiangamiza manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha ndani ya delta ile, Julai mwaka huohuo.

Njia ya gharama nafuu ni kupitia Nyamisati, wilayani Kibiti. Basi hufuata barabara ya Kilwa kutoka Mbagala, likaacha lami kuu eneo la Bungu na kuingia kushoto hadi bandarini, na kutoka hapo kuna kivuko cha Serikali, MV Kilindoni, kinachosimamiwa na Wakala wa Ufundi na Umeme. Safari ya majini ni ya saa kadhaa, na saa ya kuondoka hubadilika kufuatana na maji, kwa hiyo piga simu siku moja kabla na usiamini ratiba ya wiki iliyopita. Wakati wa kusi, mto ukishaachwa nyuma, mawimbi huwa makubwa. Mpe mtoto anayetapika safarini dawa mapema, mkae katikati ya chombo, na mle kitu kikavu kama mkate badala ya chai ya maziwa. Mashua za mizigo zisizo na jaketi okozi za kutosha msizipande, hata kama nahodha ni hodari na nauli ni nusu. Familia haivuki bahari kwa kuombea tu.

Hatua ya nne: chagua mahali pa kulala

Kilindoni ni mji mkuu wa wilaya: soko, hospitali, benki, uwanja wa ndege na nyumba za wageni za bei ya wastani. Upo upande wa magharibi, kwa hiyo jua huzama baharini, na mashua za kwenda kuangalia potwe huondoka papo hapo. Utende, umbali wa takriban kilomita 14 kwa barabara, upo upande wa ghuba ya Chole, na ndiko ziliko hoteli nyingi za ufukweni na vituo vya kuzamia. Jua huchomoza mbele yako huko; anayewaahidi wenzake machweo ya baharini akiwa Utende atawavunja moyo. Chole ni kisiwa kidogo mkabala na Utende, hakina magari, kina mibuyu mikubwa na vyumba vichache, vikiwemo vilivyojengwa juu ya miti.

Kwa wenza, Chole haina mfano. Usiku giza huwa giza kweli, na sauti pekee ni ya popo na maji. Kwa familia yenye watoto wadogo nisingepapendekeza kwa kulala, kwa sababu kila haja ya duka au daktari inahitaji kuvuka maji, na vyumba vya juu havina usalama kwa mtoto anayetambaa. Watu wa familia wakae Utende na kuivukia Chole mchana. Wakilala siku mbili za kwanza au za mwisho Kilindoni, kwa ajili ya potwe na machweo, wataokoa pia ada ya hifadhi kwa siku hizo, jambo ninaloeleza sasa hivi.

Hatua ya tano: ada, fedha na mizigo

Utende, Chole, Juani na Jibondo zimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1995 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 822. Mgeni hulipa ada ya kiingilio kwa kila siku anayokaa ndani yake, na kuna lango barabarani kabla ya kufika Utende. Viwango vya raia ni vya chini sana kuliko vya wageni kutoka nje ya nchi, kwa hiyo raia abebe kitambulisho cha Taifa. Uliza hoteli kabla ya kulipa chumba kama bei yake inajumuisha ada hiyo, kwa kuwa familia ya watu watano iliyoisahau huona tofauti kubwa siku ya kuondoka.

Beba fedha taslimu za kutosha. Huduma za benki ziko Kilindoni, na manahodha wengi hupokea malipo kwa simu, lakini mtandao hukatika siku ambayo hukuitarajia.

Kuhusu mizigo nitataja vile tu ambavyo watu husahau: viatu vya mpira vya kuvaa majini, kwa ajili ya majabali na viumbe wenye miiba mirefu myeusi, shati la mikono mirefu la kuogelea kwa kila mtoto, ambalo hukinga jua kuliko mafuta yoyote na halichafui matumbawe, dawa za kila siku za kila mmoja, kipimajoto, dawa ya kufukuza mbu, kwa kuwa malaria ipo, tochi ya kichwani, na kanga mbili au tatu, ambazo hugeuka taulo, mwavuli, shuka na hijabu kwa kadiri ya haja. Mifuko ya plastiki ya kubebea iache nyumbani, imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 2019.

Hatua ya sita: siku za baharini

Siku ya kwanza msitoke mbali. Waacheni watoto wajaribu miwani na mrija kwenye maji ya kiunoni mbele ya hoteli, kwa sababu mtoto anayejifunza kupumua kwa mrija akiwa ametupwa kwenye kina huogopa, na hofu hiyo humfuata safari nzima. Siku ya pili ndipo mwende kwenye matumbawe ya ndani ya ghuba, ambako Juani na Chole huvunja nguvu ya mawimbi. Mlango wa Kinasi, ambao ghuba hupumulia kuelekea bahari kuu, ni wa wazamiaji wenye uzoefu. Maji yanapotoka mkondo wake humvuta mtu mzima mwenye nguvu, na hakuna sababu ya kumsogeza mtoto karibu nao. Anayetaka kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa anaweza kuanza kozi ya watoto akiwa na miaka 10.

Kabla ya kupanda chombo chochote, uliza mambo manne mbele ya nahodha: jaketi okozi zinazowatosha watoto kwa kipimo chao, maji ya kunywa, simu yenye chaji, na saa ya kurudi kwa kufuata maji. Nahodha mzuri hutoa jibu la swali la nne bila kufikiri. Asiyelijua, mshukuru na utafute mwingine.

Kwenda kuona potwe ni asubuhi, kabla upepo haujaamka. Potwe hana madhara, mdomo wake mkubwa huchuja viumbe vidogo tu, lakini anaweza kuzidi urefu wa mashua mnayopanda, na mkia wake ni mzito. Mkae mita tatu au nne kutoka kwake, msimguse, msiogelee mbele yake na msitumie mwanga wa kamera. Kama mashua nyingine tatu au nne zimeshamzunguka, mwombe nahodha asubiri au aende kwingine. Nimeona samaki huyu akizama na kupotea kwa sababu ya watu waliomrukia kwa pamoja, na mtoto wangu akalia kwa kuona tulivyomfukuza. Asiyejua kuogelea asione haya kubaki ndani ya chombo. Mgongo wenye madoadoa meupe huonekana vizuri kutoka juu.

Hatua ya saba: siku za nchi kavu

Mgeni asiyeivuka ghuba kwenda Juani ameiona nusu ya Mafia. Upande wa magharibi wa Juani kuna magofu ya Kua, mji wa Waswahili wenye misikiti, makaburi na nyumba kubwa ya mawe, ulioachwa mwanzoni mwa karne ya 19 baada ya kushambuliwa na Wasakalava kutoka Madagaska. Mizizi imeshika kuta kiasi kwamba hujui ni kipi kinachokibeba kingine. Chukua mwenyeji wa kuongoza, kwa sababu bila simulizi yake mawe hayo hayasemi mengi, na umwambie mapema kama mna watoto, kwani baadhi ya visa vya Kua ni vya kutisha.

Kasa ni habari ya upande wa mashariki wa Juani. Shirika la Sea Sense, pamoja na walinzi wa viota kutoka vijijini, hulinda viota na kuhesabu siku tangu kasa alipotaga, takriban siku 55 hadi 60, hivyo huweza kukisia siku ya kuanguliwa. Ulizieni hotelini siku mnayofika, wala msingoje siku ya mwisho. Mtavuka kwa mashua, mtatembea kwa miguu kupitia vichaka hadi ufukwe wa bahari kuu, na mtasimama nyuma ya mstari mtakaoonyeshwa huku vifaranga wakikimbilia maji. Msiwabebe kuwasaidia, waacheni watambae wenyewe.

Chole wendeni alasiri, siku ambayo maji yamejaa wakati huo, ili msirudi kwa kutembea matopeni mkiwa na mtoto mgongoni. Pitieni kwa mafundi wa mashua, ambao bado huunda vyombo vya mbao kwa macho na mikono, muwasalimie na kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha. Kisha ngojeni jua lizame karibu na miti wanakolala popo wakubwa wa matunda, wa aina inayopatikana pia Visiwa vya Komoro. Wanaamka kwa kelele, wanazunguka, halafu wanavuka ghuba kwa mamia kwenda kutafuta matunda. Kwa wenza, sioni saa nyingine ya siku huko Mafia inayostahili kukaa kimya pamoja kama hiyo.

Adabu ya mahali

Mafia ni kisiwa cha Waislamu kwa sehemu kubwa, na watu wake ni wapole kiasi kwamba mgeni anaweza kuwakera asijue, maana hawatamwambia. Nguo za kuogelea ni za ufukweni mwa hoteli na kwenye mashua. Ukiingia kijijini, mabega na magoti yafunikwe, kwa mwanamume pia. Wenza wasikumbatiane wala kubusiana hadharani. Mwezi wa Ramadhani msile wala kunywa barabarani mchana, na mjue migahawa mingi ya mjini haitafunguliwa hadi jioni. Kwa upande mwingine, futari ya Mafia, yenye mihogo ya nazi, tambi, samaki na uji wa pilipili manga, ni sababu tosha ya kwenda mwezi huo kwa anayeweza kuvumilia. Wafundisheni watoto kutoa shikamoo kwa kila mzee. Hakuna kinachofungua mlango wa nyumba ya Chole upesi kuliko mtoto wa mjini anayejua kusalimia.

Siku ya kuondoka

Aliyezamia kwa mtungi asipande ndege kabla ya saa 18 kupita, na bora zaidi saa 24, kwa hiyo siku ya mwisho kamili iwe ya Kilindoni: soko la samaki asubuhi, dafu, na ufukwe wa magharibi jioni. Wanaorudi kwa kivuko waache siku moja ya akiba kabla ya kazi au shule, kwa kuwa bahari ikichafuka chombo hakitoki, na nahodha anayekataa kutoka siku hiyo anawatendea wema. Usiku wa kufungasha, kagueni mabegi ya watoto mfuko kwa mfuko, mkayarudishe ufukweni makombe, matumbawe na nyota za baharini watakazokuwa wameficha, kwa sababu kuvitoa ndani ya hifadhi ni kosa. Waelezeni usiku huohuo, mkiwa bado mnayasikia maji, kwamba kombe tupu la leo ni nyumba ya kaa wa kesho.